Kutua Bila Kuona Ardhi: Kutoka Moth za Wilson Hadi Setilaiti Juu ya Garissa



Hapa tumezoea kuongea programu, kompyuta na simu. Leo naomba tupande ndege. Msishangae, kompyuta itatukuta huko huko angani.

Novemba 2023 mafuriko ya Mto Tana yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi upande wa Madogo. Aprili 2024 ikawa vile vile tena. Aliyekuwa na mgonjwa mahututi Garissa siku hizo, na daktari anayehitajika yuko Nairobi, alibaki na njia moja tu ya haraka, nayo ni ndege. Sasa tazama mambo yanavyogeuka. Maji mengi ya Tana hutoka nyanda za juu, lakini msimu ni mmoja: mto unapofurika, mawingu nayo huwa yameshuka, Garissa kwenyewe na zaidi njiani kuelekea Nairobi. Siku barabara inapofungwa ndiyo siku rubani haoni chini. Siku nyingine karibu zote za mwaka Garissa ni jua kali na anga tupu, na rubani anauona mto na mji akiwa bado mbali sana.

Kwa hiyo kutua bila kuona ardhi huonekana kama anasa katika nchi kavu kama ile, mpaka siku yenyewe ifike. Historia ya anasa hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka 1929, mambo mawili

Tarehe 24 Septemba 1929, katika uwanja wa Mitchel Field karibu na New York, rubani wa jeshi la Marekani aitwaye Jimmy Doolittle aliingia ndani ya ndege ndogo iliyofunikwa kitambaa juu ya kiti chake. Hakuona nje hata kidogo. Rubani mwenzake, Ben Kelsey, alikaa kiti kingine kisichofunikwa, tayari kuokoa mambo yakiharibika. Doolittle aliruka, akazunguka, akatua, akiongozwa na redio na saa zilizo mbele yake tu. Tatu kati ya saa hizo ndizo zilizobadilisha dunia: altimita ya Paul Kollsman yenye uwezo wa kuonyesha tofauti ya futi chache, na vifaa viwili vya jairo vya kampuni ya Sperry, yaani upeo bandia na dira ya jairo.

Kwa nini rubani ahitaji upeo bandia? Kwa sababu sikio la ndani, lile linalotuambia tumesimama wima, linadanganyika ndani ya wingu. Ndege ikianza kuinama polepole, mwili hausikii chochote. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu watu 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vyombo, wakatiwa katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Kikombe chako cha chai hakijapoa.

Mwaka huo huo wa 1929, Nairobi, mama mmoja aitwaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways akiwa na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Jina lake mnalijua, kwani uwanja uliokuwa ukiitwa Nairobi West ulipewa jina la Wilson mwaka 1962, na mpaka leo ndege nyingi ndogo zinazokwenda kaskazini huondokea hapo. Lakini Moth ya Nairobi haikuwa na yale ya Doolittle. Rubani alifuata reli, mto na kilima. Wingu likishuka, alikaa chini akangoja. Kaskazini mashariki hakukuwa na reli ya kufuata. Kulikuwa na Tana, visima vya Wajir, na njia za ngamia.

Vita na viwanja vya vumbi

Viwanja vya ndege vya kaskazini vilipata umuhimu mkubwa wakati wa vita. Mwaka 1940 Italia ilikuwa Somalia na Ethiopia, na mpaka ukawa uwanja wa mapambano. Ndege za Afrika Kusini na za Waingereza zilitumia viwanja vya upande huu, Wajir ikiwa mojawapo. Mapema 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yaliondoka maeneo ya Tana na Garissa, yakaingia Kismayu tarehe 14 Februari na Mogadishu tarehe 25 Februari.

Tazameni tarehe hizo. Februari ni kiangazi. Kila mtu alitaka kumaliza kabla ya mvua za Gu, kama Wasomali wanavyoziita, kwa sababu zikianza, lori linazama kwenye tope na kiwanja cha udongo kinageuka bwawa. Hata jeshi lenye ndege lilipanga vita vyake kwa kalenda ya mvua.

Baada ya vita vikaja viwanja vya utawala, na baada ya uhuru vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, ambapo mabomu ya kutegwa yaliifanya barabara kuwa ya kuogopwa. Ndege ikawa njia ya serikali kufika. Hadithi hiyo ilijirudia baada ya watu 28 kuuawa kutoka ndani ya basi la Mandera tarehe 22 Novemba 2014. Walimu na watumishi wengi waliona bora wajinyime wapate nauli ya ndege kuliko kupanda basi. Kwa hiyo msomaji usidhani ndege ndogo kule ni starehe ya matajiri. Kwa wengi ni hofu ya barabara.

Kutua kwa macho, na hesabu ya joto

Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao ambayo leo tunaiita AMREF. Mmoja wa waliojulikana sana kaskazini alikuwa Dakta Anne Spoerry, ambaye watu walimwita Mama Daktari. Alijifunza kurusha ndege akiwa na miaka zaidi ya arobaini, kisha kwa miongo kadhaa akaiendesha Piper yake mwenyewe mpaka Marsabit, Ziwa Turkana na Lamu.

Kutua kwenye kiwanja cha udongo kuna ufundi wake, na haufanani na tunaouona kwenye michezo ya kompyuta. Kwanza unapita chini juu ya kiwanja bila kutua. Pito hilo ni la kufukuza mbuzi na ngamia, kutazama kama mvua imechimba mtaro, na kuona vumbi linaelekea wapi ili ujue upepo. Unazunguka, ndipo unakuja kutua. Garissa kuna mtihani wa ziada, wale korongo wakubwa wanaokaa mjini kwenye taka. Ndege mmoja wa uzito ule akigonga kioo cha Cessna, mazungumzo yameisha.

Halafu kuna joto. Hapa nawaletea hesabu kidogo. Garissa iko futi zisizofika 500 juu ya bahari. Rubani mgeni atasema huku ni chini, hewa ni nzito, hakuna shida. Lakini mchana joto linafika nyuzi 36. Kwa kanuni ya kawaida ya hewa, kimo kile kilipaswa kuwa na nyuzi 14. Tofauti ni nyuzi 22, na kila nyuzi moja huongeza takriban futi 120 kwenye kimo ambacho ndege inakihisi:

500 + (22 x 120) = kama futi 3,100

Yaani bawa na injini vinajiona viko futi 3,100. Wilson, ambayo iko zaidi ya futi 5,500, siku ya nyuzi 24 inafika karibu futi 7,900. Saa ya mwendo haikuambii hayo. Inaonyesha namba ile ile ya kukaribia, lakini Garissa mchana ndege inapita juu ya ardhi kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 5, na Wilson kwa zaidi ya asilimia 12. Nguvu ya mwendo inakua kwa mraba, kwa hiyo breki zinabeba mzigo mkubwa zaidi ya unavyodhani. Ndiyo maana marubani wa kaskazini hupenda asubuhi mapema: hewa ni baridi, na haijaanza kurusharusha ndege kama mpira.

Yote hayo ni ya macho. Sasa funga macho.

Mshale unaopenda radi

Kifaa cha kwanza cha kumsaidia rubani asiyeona kilichoenea Afrika ni kinara cha redio cha mawimbi ya kati. Ni kitu rahisi. Ardhini kuna antena inayotoa mlio wa herufi za Morse, na ndani ya ndege kuna mshale unaoelekea inakotoka sauti. Fuata mshale, utafika juu ya kinara. Kuanzia hapo hesabu dakika kwa saa, geuka, shuka polepole, rudi.

Tatizo ni kwamba radi nayo ni redio. Wingu la mvua likianza kupiga, mshale huacha kinara ukaelekea kwenye radi. Tafakari hilo: siku unapouhitaji zaidi, mshale unakuonyesha mahali ambapo hupaswi kwenda.

Viwanja vikubwa, kama vya Nairobi na Mombasa, vilipata mfumo bora wenye miale miwili, mmoja wa kushoto na kulia, mwingine wa juu na chini. Marekani ndege ya abiria ilitua kwa mfumo huo kwa mara ya kwanza mwaka 1938, Pittsburgh. Mfumo huo unahitaji antena kando ya njia ya kutua, umeme usiokatika, mafundi, na ndege maalum ya kuja kuupima kila baada ya muda. Weka hayo yote Mandera. Jenereta inataka dizeli, dizeli inataka lori, lori linataka barabara, na barabara tumeshaiongelea. Kifaa cha ardhini kilichelewa kule kwa sababu ya kila kitu kinachokizunguka, wala si kwa sababu ya hesabu zake.

Setilaiti, na mita 300 zilizopotea

Ndipo ikaja GPS. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuharibu kwa makusudi ishara ya GPS kwa raia, na usahihi ukashuka kutoka makumi ya mita hadi mita chache. Kwa kaskazini mashariki ilikuwa kama simu ya mkononi: hatukungoja nguzo za simu za waya zifike kila kijiji, tuliruka hatua hiyo. Vile vile, kiwanja kisicho na antena, umeme wala fundi, kikawa kinafikika kwa namba mbili, latitudo na longitudo.

Na hapa sisi watu wa data tuna la kusema. Namba hizo mbili zimepimwa kwa msingi gani? Ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, unaochukulia umbo la dunia kwa namna yake. GPS hutumia WGS-84. Mahali pale pale ardhini, namba za mifumo hiyo miwili zinapishana kwa karibu mita 300 upande wetu, hasa kaskazini na kusini. Ukichukua namba kutoka ramani ya zamani ukaziingiza kwenye GPS bila kuzibadilisha, mashine itakupeleka kwa uhakika kabisa mahali pasipo na kiwanja. Njia ya kutua ya kiwanja kidogo ina upana wa mita ishirini na kitu. Ndiyo maana shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilitaka nchi zote zihamie WGS-84 kuanzia tarehe 1 Januari 1998.

Kila mwandishi wa programu anaijua hitilafu ya namna hii. Programu haikatai, haionyeshi neno jekundu, inatoa jibu zuri lenye desimali sita, na jibu si la kweli.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi. GPS ilipokuwa ya bei nafuu, rubani yeyote duniani aliweza kujitengenezea njia yake ya kutua: naweka kiwanja hapa, nashuka futi 300 kwa kila maili ya bahari, nitatokea chini ya wingu. Hesabu ni sahihi. Ndege inayokwenda maili 90 za bahari kwa saa ikishuka futi 450 kwa dakika itakuwa kwenye mteremko mzuri wa nyuzi 3. Lakini GPS haijui kilima. Haijui mnara wa simu uliosimamishwa mwaka jana. Utaratibu halisi wa kutua kwa vyombo hutengenezwa na watu waliopima kila kizuizi kushoto na kulia kwa njia, kisha wakaandika: hapa usishuke chini ya kimo hiki. Mstari wowote anaweza kuuchora. Kazi iko kwenye kupima.

Marsabit, tarehe 10 Aprili 2006

Nchi ya Garissa na Wajir ni tambarare, inasamehe. Ukienda kaskazini magharibi, unakutana na Marsabit. Kiutawala haikuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, lakini ni anga ile ile ya kaskazini na msimu ule ule. Mlima unainuka peke yake katikati ya jangwa hadi takriban mita 1,700, unazuia upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, unajivika msitu na ukungu. Chini jangwani jua linawaka, juu mjini huoni nyumba ya jirani.

Asubuhi ya tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya Jeshi la Anga la Kenya aina ya Harbin Y-12, yenye injini mbili, ilikuwa ikipeleka viongozi kwenye mkutano wa amani Marsabit. Mwaka uliotangulia, Julai 2005, watu wengi walikuwa wameuawa Turbi, watoto wa shule wakiwemo. Waliopanda ndege ile walikwenda kuzungumza ili hayo yasirudi. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ikijaribu kutua, ikagonga kilima karibu na mji. Kati ya watu 17 waliokuwemo, 14 walifariki. Miongoni mwao walikuwa wabunge watano: Bonaya Godana, Mirugi Kariuki, Titus Ngoyoni, Abdi Sasura na Guracha Galgallo, pamoja na Askofu William Waqo. Kaskazini ilipoteza kwa asubuhi moja karibu kizazi kizima cha wasemaji wake bungeni, tena wa jamii zilizokuwa zikigombana, wakiwa wamekaa ndege moja.

Husemwa ajali haina kinga. Naheshimu wafiwa wanaposema hivyo, maana inawapa kupumzika. Lakini kwa ndege nzima inayogonga ardhi ndani ya ukungu, sisi wengine tusiseme hivyo. Ni aina ya ajali iliyochunguzwa sana duniani na kinga yake imeandikwa. Tarehe 5 Juni 2018 Cessna Caravan ya abiria iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na wote 10 walifariki. Miaka 12 imepita katikati, setilaiti zimejaa angani, na bado milima ile ile na mawingu yale yale.

Mstari muhimu ni ule wa mwisho

Ukiuondolea mapambo, utaratibu wa kutua kwa vyombo ni programu fupi:

shuka hadi kimo cha mwisho
kama unaiona njia ya kutua: tua
la sivyo: ongeza nguvu, panda, fuata njia ya kurudi juu

Watu hushangaa mstari wa kwanza, jinsi mashine inavyomshusha mtu ndani ya wingu. Mimi naona uzima wote uko mstari wa tatu. Njia ya kurudi juu nayo imepimwa, vizuizi vyake vimehesabiwa, na rubani ameisoma kabla hajaanza kushuka. Rubani anayeshuka kwa macho akitafuta tundu kwenye mawingu hana mstari wa tatu. Ana matumaini tu. Na nyuma yake kuna mgonjwa anayekata roho, au miraa inayokauka, au waheshimiwa wanaosubiriwa na umati. Mizigo hiyo yote inasukuma mkono kuelekea chini. Kimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye karatasi kinamwondolea rubani ubishi huo, kwani kimeamuliwa siku ya utulivu na watu wasio na haraka.

Setilaiti zinatosha basi? Hapana. Altimita husoma kwa presha ya hewa, na rubani anahitaji kuambiwa presha ya kiwanja dakika ile. Kila hekitopaskali moja ya kosa ni karibu futi 27. Makosa manne ni zaidi ya futi 100, urefu wa mti mkubwa na kibanda juu yake. Kwa hiyo anahitajika mtu ardhini, au kituo kidogo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe kwa sola. Inahitajika hifadhidata ya vizuizi inayoongezewa kila mnara mpya unaposimama. Inahitajika taa za kutua, maana marubani wa dharura Afrika wametua mara nyingi usiku kwa taa za magari yaliyopangwa kando ya kiwanja. Inahitajika ua wa kuzuia ngamia.

Tazameni orodha hiyo vizuri. Hakuna hata kimoja ambacho ni roketi. Kihisi cha presha kinauzwa bei ya chakula cha mchana. Jedwali la minara ni kazi ya mwanafunzi mmoja mwenye bidii akipewa ruhusa ya kupima. Sehemu ngumu, ile ya setilaiti, imeshalipwa na wengine na inapita juu ya Garissa bure, mchana na usiku, mvua na kiangazi. Zilizobaki ni kazi ndogo ndogo za ardhini, na ndizo zitakazoamua kama ndege ya mgonjwa itatua siku ambayo Tana imepita juu ya barabara.

Kama una mzee aliyewahi kufanya kazi kiwanja cha Wajir, Mandera au Garissa enzi za kinara na jenereta, mkalie karibu akusimulie. Kumbukumbu zile hazipo kwenye hifadhidata yoyote.

Tukutane tena.